Mjomba anasema kwata, mpwa anasema droni: je, nimwache mwanangu aende jeshi?

"Mwanangu wa pili ana miaka 20. Alimaliza kidato cha nne akapata C-, na sasa anasomea ufundi wa mitambo ya magari na mashine za boti hapa Malindi. Amebakisha mwaka mmoja. Anataka kwenda jeshi, hasa la wanamaji, usajili ukitangazwa. Kaka yangu, sajenti mstaafu, humwambia jeshi ni kwata na nidhamu, na vijana wa simu hawataliweza. Kijana humjibu kwamba kwata ni mambo ya mkoloni, vita vya leo ni droni na kompyuta, na ndiyo maana Marekani na Uingereza wanakosa askari. Kila Ijumaa tukishakula ni mabishano hayo. Nani ana haki? Aende sasa au amalize chuo kwanza? Tena kuna mtu amenipigia simu akisema atamwingiza kwa laki tatu na nusu."

Dada, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza wiki hii: usimpe mtu huyo hata shilingi, wala usimtumie nakala ya kitambulisho cha kijana. Sababu zake nitazieleza huko chini. Sasa tuliangalie hili la mjomba na mpwa wake, maana nyuma yake naona hofu yako mwenyewe: kwamba unamtoa mtoto aende mahali atakapovunjwa, au atakapochoka baada ya miaka michache arudi nyumbani mikono mitupu, na ufundi alishauacha njiani.

Kijana amekosea kuhusu kwata. Ni kweli kwamba amri zilizosikika viwanjani kwa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, zililetwa na Waingereza. Lakini hilo neno afande, ambalo kaka yako amelitamka maisha yake yote, asili yake ni Kituruki. Lilipita Misri na Sudan, likaingia Afrika Mashariki na askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891. Ombasha na shaushi, vyeo walivyovijua wazee wetu kabla ya koplo na sajenti, vimetoka huko huko. Na Pwani hatukuipokea kwata kwa kulazimishwa tu. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa waliigeuza kuwa ngoma ya beni, wakashindana mtaa kwa mtaa kwa sare, vyeo na mwendo wa kijeshi. Mtu haigi kwa hiari yake jambo asiloliona utamu.

Kwata yenyewe ilizaliwa ikiwa teknolojia mpya. Huko Uholanzi, katika miaka ya 1590, Maurice wa Nassau alikuwa na shida: bunduki za wakati ule zilipakiwa baruti kwa mdomoni huku askari ameshika utambi unaowaka. Kitabu cha mafunzo kilichochapishwa mwaka 1607 kiliigawa kazi hiyo katika hatua zaidi ya 40. Aliyetangulia hatua moja, au aliyezubaa, moto wake ulikuwa karibu na baruti ya jirani. Ndipo wakafundishwa kusogea kwa amri moja na kwa mpigo mmoja, safu ya mbele ikipiga, ya nyuma ikipakia. Zilipokuja bunduki za kupakiwa nyuma, kisha za rashasha, kusimama wima kwenye mstari kukawa ni kujiua. Kazi ya kwanza ya kwata ikafa.

Majeshi hayakuiacha, kwa sababu yalikuwa yameshaona kazi yake ya pili, ambayo mtu aliyekulia Pwani anaijua bila kufundishwa. Tazama safu ya wanaume wa Lamu kwenye goma wakati wa Maulidi, kanzu na bakora, wanakwenda mbele na kurudi kama mtu mmoja. Tazama wavuvi wakivuta juya ufukweni kwa wimbo. Watu ishirini waliokuja kila mmoja na lake, baada ya nusu saa wanahema pamoja. Miili ikisogea kwa mpigo mmoja kwa muda, hujengeka imani baina ya watu ambayo hotuba haziwezi kuijenga upesi hivyo. Jeshi linamchukua kijana wa Malindi, wa Turkana, wa Kisii na wa Mandera, wasio na lugha moja ya nyumbani wala chakula kimoja, na lina miezi michache ya kuwafanya watu watakaobebana mmoja akipigwa risasi. Njia ya bei rahisi kuliko hiyo haijapatikana.

Kazi ya tatu ni ya mikono. Mtu aliyechoka, mwenye njaa na hofu, hafanyi alichokielewa. Hufanya alichokizoea. Kukagua silaha kila siku kwa saa ile ile kunaonekana upuuzi mpaka uwe kwenye hewa ya chumvi ya Kiunga, ambako chuma kilichoachwa bila mafuta siku chache huota kutu kwenye springi na bunduki hukwama siku inapohitajika.

Mkumbushe pia yaliyotokea jirani. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, uliotumiwa na Wamarekani. Palikuwa na ndege za upelelezi za kisasa. Wamarekani 3 waliuawa na ndege kadhaa zikaharibiwa. Uchunguzi ambao Marekani ilitoa matokeo yake Machi 2022 ulitaja mapungufu katika ulinzi wa kambi na katika kulichukulia tishio kwa uzito. Hayo ni mambo ya doria, zamu na macho ya mlinzi, kazi kongwe kuliko zote jeshini. Kisha amwulize mjomba kama amesikia habari za Makiivka, mji wa mashariki mwa Ukraine uliokuwa mikononi mwa Warusi. Dakika za mwanzo za mwaka 2023, makombora ya Ukraine yaliliangukia jengo walimolala askari wa Urusi. Urusi yenyewe ilikiri vifo 89, na ikasema chanzo kikubwa ni askari kuwasha simu zao, zikawaonyesha walipo. Kuiacha simu imezimwa usiku wa mwaka mpya, huku unatamani kumsikia mkeo, hiyo ni kwata ya karne hii. Mwenye droni anaihitaji zaidi kuliko mwenye bunduki, kwa sababu mawimbi ya kidhibiti chake yanaweza kunaswa na adui.

Mjomba naye ana pake pa kusahihishwa. Wazee wengi wa jeshi huchanganya nidhamu na uonevu. Kuamshwa saa kumi alfajiri, kutandika kitanda kwa kipimo, kukaguliwa miguu kama ina malengelenge: hayo yana kazi. Kurutu kupigwa na askari aliyemtangulia, kufulishwa nguo za wakubwa, kutukaniwa wazazi: hayo hayana kazi yoyote ila kumfundisha kijana kuficha majeraha na kuficha makosa, na kosa lililofichwa kwenye chombo baharini huua watu. Kila desturi iulizwe inafanya kazi gani, na ikiondolewa nini kitaharibika. Chukua ndevu. Hoja kubwa ya kuzikataza ni kwamba barakoa ya kuzuia gesi haishiki vizuri uso wenye ndevu, na hiyo ni sababu ya kweli. Lakini gesi haipo kila siku. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliziruhusu Machi 2024, baada ya wanamaji wao kuzifuga kwa vizazi, na panapo hatari askari anaweza kuamriwa anyoe. Sababu ilibaki, desturi ikalegezwa.

Na hili la kwamba vijana wa simu hawawezi, si kweli. Wanachokosa ni mifupa iliyozoea, si moyo. Nitarudi kwenye mifupa.

Sasa Marekani na Uingereza. Kijana amesikia habari ya kweli akaipa sababu isiyo yake. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitaka watu 60,000 likapungukiwa na 15,000, na mwaka uliofuata likapungukiwa tena na karibu 10,000. Lakini Marine Corps, askari wao wa kushambulia kutoka baharini, wenye mafunzo ya makurutu ya wiki 13 na desturi kali kuliko wenzao wote, walitimiza lengo lao miaka hiyo hiyo. Kama kwata ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza vijana, wao wangekuwa wa kwanza kukosa watu.

Kilichopungua ni watu wanaofaa. Utafiti wa wizara yao ya ulinzi wa mwaka 2020 ulikuta kwamba ni asilimia 23 tu ya vijana wa miaka 17 hadi 24 wangeweza kuingia bila kusamehewa sharti fulani. Wengine walizuiwa na unene, dawa za kulevya, maradhi au masomo. Kisha usasa wenyewe ukaongeza shida: mfumo mpya wa kompyuta ulioanza kusoma kumbukumbu zote za hospitali za mwombaji ulifukua kila pumu ya utotoni na kila mkono uliowahi kuvunjika, na maombi yakakwama yakisubiri vibali vya madaktari. Walichofanya kikasaidia kilikuwa cha kizamani kabisa. Agosti 2022, huko Fort Jackson, walianzisha mafunzo ya awali ya hadi siku 90 kwa vijana waliokuwa karibu kufaa, wakawafundisha hesabu na kusoma na kuwapunguza mafuta ya mwili kabla ya ukurutu. Mwaka 2024 lengo, ambalo walilishusha hadi 55,000, likatimia.

Uingereza nayo ilikabidhi usajili kwa kampuni binafsi mwaka 2012. Mfumo wa mtandaoni ulichelewa kwa miaka, na ulipokuja ukasumbua. Wakaguzi wa hesabu za serikali waliripoti Desemba 2018 kwamba nusu ya waombaji walikuwa wakichukua hadi siku 321 tangu kuomba hadi kuanza mafunzo, na kwamba mwaka wa 2017 hadi 2018 asilimia 47 walijitoa wenyewe. Kijana wa miaka 19 hawezi kungoja karibu mwaka mzima bila kazi. Kwata hakuiona hata siku moja, alichoka na kungoja.

Dada, hapa ndipo penye jambo ambalo mjomba na mpwa wote wawili hawalizungumzi, nalo ndilo litakaloamua maisha ya mwanao. Kusajili ni jambo moja, kubakisha ni jambo lingine. Hoteli ikipoteza mpishi mkuu huajiri mwingine kutoka hoteli ya pili. Jeshi haliwezi. Haliajiri sajenti kutoka nje. Sajenti mwenye miaka 10 kazini anayehitajika leo ni yule aliyeingia akiwa kurutu miaka 10 iliyopita, na kama aliondoka mwaka wa saba, hakuna fedha itakayomnunua mwingine. Pengo lake hujazwa na koplo asiye tayari, koplo huyo hukosea, walio chini yake huona, nao huanza kufikiria mlango. Ndiyo maana jeshi linaweza kufurika makurutu na bado likadhoofika katikati.

Hawa wa katikati huondoka kwa nini? Hakuna anayeondoka kwa sababu ya gwaride la asubuhi, hilo ameshalizoea. Huondoka kwa uhamisho wa ghafla unaomkuta mke ameanza biashara na watoto wako katikati ya muhula. Huondoka kwa nyumba mbovu, kwa likizo iliyoahidiwa ikafutwa mara tatu, kwa kupandishwa cheo kwa kuhesabu miaka huku fundi hodari akiamriwa na asiyejua spana. Zaidi ya yote huondoka kwa sababu ufundi alioupata una bei nje. Askari wa miguu hana soko kubwa uraiani. Fundi wa ndege, wa mitambo ya meli, wa umeme au wa mawasiliano analo. Kadiri jeshi linavyokuwa la kisasa, ndivyo linavyofundisha watu kuondoka. Hata hao Marine Corps, wengi wao hutoka baada ya kandarasi ya kwanza, kwa kuwa jeshi lao lilijengwa juu ya vijana. Novemba 2021 walitangaza mpango wa kubakisha zaidi, maana vita vya mitambo vinataka watu waliokomaa.

Sisi Kenya tumeonja jambo hili. Kuanzia 2007 kuna wanamaji wetu waliotoroka kwenda kufanya kazi katika kampuni za ulinzi za ng'ambo zilizolipa maradufu. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi Mombasa iliwahukumu zaidi ya ishirini kati yao kifungo cha maisha kwa kutoroka jeshi, wakakata rufaa. Nakutajia ili kijana ajue mapema kwamba jeshi si kazi ya kuacha kwa ujumbe wa simu. Kutoka kuna utaratibu wake, na anayesaini aulize kabla ya kusaini: kandarasi ya kwanza ni ya miaka mingapi, malipo ya uzeeni huanza kustahiliwa mwaka wa ngapi, na nikitaka kutoka kwa heri nafuata njia gani. Kaka yako anayajua majibu ya zamani. Aulize ya sasa kwa wenzake walio kazini.

Kwa hiyo aende lini? Matangazo ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, ya miaka ya karibuni yamekuwa na milango miwili inayomhusu. Makurutu wa kawaida wamekuwa wakitakiwa kuwa na miaka 18 hadi 26 na alama ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kuanzia D. Mafundi wenye vyeti wamekuwa wakikubaliwa hadi miaka 30. Kijana wako ana miaka 20 na C-. Muda anao, na mlango wa kwanza hautafungwa kwa sababu ya mwaka mmoja.

Maoni yangu ni kwamba amalize chuo. Akiingia leo kama kurutu wa kawaida, jeshi ndilo litakalopanga aende nchi kavu, angani au majini, na anaweza kujikuta mlinzi wa ghala huku akijua kufungua pampu ya dizeli. Akiingia na cheti, ana hoja mkononi. Na siku atakapotoka, iwe baada ya miaka 9 au 25, atatoka na cheti na uzoefu, si na uzoefu peke yake ambao waajiri wengi wa uraiani hawajui kuusoma. Lakini nisikufiche upande wa pili. Nafasi za mafundi ni chache kuliko za makurutu wa kawaida, na si kila fani hutajwa kila mwaka. Mwaka wa mashine za boti unaweza kupita akiwa bado anasubiri. Ndiyo maana, cheti kikitoka, ajaribu milango yote miwili kila tangazo hadi afike 26. Na kama tangazo likitoka amebakisha miezi miwili au mitatu tu ya mtihani, akazungumze na mkuu wa chuo kuhusu kuahirisha mtihani kabla ya kwenda uwanjani, si baada ya kupata barua.

Ipo pia milango ambayo hawajaifikiria kwenye mabishano yao. Huduma ya Walinzi wa Pwani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, nayo inahitaji watu wa mashine na wa bahari. Bandari ya Lamu imepokea meli tangu gati la kwanza lilipofunguliwa Mei 2021. Mwenye cheti cha mashine za majini ana pa kubisha hodi hata jeshi likimkataa.

Na kama anataka kufika mbali jeshini akiwa mtu wa Pwani, ajue Jenerali Samson Mwathethe, aliyeongoza KDF kuanzia 2015 hadi 2020, alikuwa mwanamaji na mwana wa Pwani. Kuhusu swala na funga, ambalo hukuliuliza ila nadhani limo moyoni: KDF ina maimamu miongoni mwa maofisa wake kama ilivyo na makasisi. Katika mafunzo ratiba hubana, lakini dini haifutwi.

Turudi kwenye mwili, maana wengi wa Pwani huangushwa hapa kwa mambo ambayo yangetibika. Matangazo yametaka urefu usiopungua mita 1.60 na uzito wa kilo 54.55 kwa wanaume. Vijana wetu wembamba huanguka kwenye uzito kuliko urefu. Apimwe sasa, sio wiki ya usajili. Akipungukiwa kilo tatu, anahitaji miezi miwili ya maharagwe, mayai, samaki na mazoezi ya kunyanyua. Kunywa lita mbili za maji asubuhi ya kupimwa hakusaidii kitu, kwa sababu mbele kuna mbio.

Ampitie daktari wa Malindi hospitalini, na aseme wazi kwamba anataka kwenda jeshi. Aulize mambo matano. Busha au ngiri, ambavyo vijana huvificha kwa aibu: upasuaji wake ni wa kawaida lakini mwili unahitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla ya mazoezi mazito, kwa hiyo usifanywe mkesha wa usajili. Meno: yaliyooza yazibwe mapema kuliko kung'olewa. Masikio: aliyewahi kutokwa usaha akaguliwe kiwambo, hasa mpiga mbizi. Macho, pamoja na kutofautisha nyekundu na kijani. Hili si ukongwe wa jeshi: usiku baharini chombo kinajulikana kinaelekea wapi kwa taa nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia, na asiyezitofautisha atakigonga. La tano ni seli mundu, hitilafu ya damu ya kurithi. Wenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu ni wengi Kilifi, kwa sababu hali hiyo humkinga mtu na malaria kali, na huishi bila kuumwa. Lakini mbio kali kwenye jua bila mazoea na bila maji zimewahi kuwaua makurutu wenye hali hiyo. Kujua hakumaanishi asiende. Kunamaanisha apande ngazi polepole, anywe maji, na asikaidi mwili. Akiwahi kuzimia akikimbia, au kifua kikimbana, asimame hapo hapo na aonwe na daktari kabla ya kukimbia tena.

Mazoezi yaanze angalau wiki 10 kabla. Mapafu huzoea ndani ya wiki mbili tatu, kijana akajiona simba. Mfupa huchelewa: ukianza kupigwapigwa, mwili kwanza huyeyusha kidogo ili ujenge upya, na katika kipindi hicho mfupa ni dhaifu kuliko ulipoanza. Ndiyo maana wengi huvunjika nyufa za muundi wiki ya tatu au ya nne, wakati wanapojihisi wana nguvu zaidi. Akimbie siku tatu kwa wiki, si saba. Aanze kilomita 3 akichanganya kukimbia na kutembea, na kila wiki asiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi. Akimbilie barabara ya vumbi alfajiri kuliko ufukweni. Mchanga wa Malindi maji yakitoka ni mgumu na mzuri, lakini umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja huwa chini kila hatua, na goti na nyonga ndivyo hulipa. Maumivu ya muundi mzima yanayopoa akipumzika ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja unapopaonyesha kwa kidole, yanayouma hata usiku, hayataki kuchuliwa mafuta. Yanataka mapumziko na picha ya eksirei. Hapa ndipo namtaka mjomba: amfundishe kijana kutembea na buti, soksi mbili, na kufunga kamba bila kubana kifundo. Kazi hiyo anaijua kuliko mtu yeyote nyumbani kwenu.

Hati nazo huwaangusha watu wasio na kosa. Alete kitambulisho chenyewe, si karatasi ya kusubiri, na vyeti vyenyewe pamoja na nakala. Kagua majina leo. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, KCSE inasema Muhammad na kitambulisho kimeongeza jina la babu, ale kiapo kwa wakili kwamba ni mtu mmoja, na aanze kurekebisha. Wenye jamaa Faza au Kizingitini wawaambie wavuke walale Amu, yaani mji wa Lamu, usiku wa kuamkia usajili, wasitegemee boti ya asubuhi na maji yakiwa yametoka.

Sasa huyo wa laki tatu na nusu. Usajili wa KDF ni bure, na anayetoa hongo ana kosa sawa na anayepokea. Lakini elewa jinsi anavyofanya kazi, ili usishawishike. Hana mkono wowote ndani. Anachukua fedha kwa familia ishirini. Kati ya vijana hao, wawili watatu watafaulu kwa miguu na meno yao wenyewe. Hao atawaambia ni yeye, nao watamsifu mtaani mwaka ujao. Wengine atawarudishia nusu, au atahama namba. Mbaya zaidi hutoa barua za wito za kughushi. Kijana huaga, jirani humsindikiza kwa dua, akifika shule ya makurutu Eldoret jina halimo kwenye orodha, na anayekamatwa akiwa na hati bandia ni yeye. Rekodi hiyo ikishaingia, hakuna jeshi, polisi wala bandari itakayomchukua.

Mtu wa aina hiyo akishindwa na wewe, huja na ofa ya pili: kazi ya ulinzi au ya kiwanda Urusi, tiketi imelipwa. Vijana wa Kenya walioahidiwa hivyo wamejikuta mstari wa mbele wa vita vya Ukraine. Jeshi la Uingereza ni habari tofauti. Lilifungua mlango kwa raia wa Jumuiya ya Madola mwaka 2018 bila sharti la kuishi kwao miaka 5, na maombi hupelekwa moja kwa moja kwao, hayana dalali. Yeyote anayeuza nafasi hiyo Malindi anauza hewa.

Namba aliyokupigia usiifute. Andika siku, saa na kiasi alichotaja, usimtukane wala usibishane naye, kisha mwende na kaka yako ofisi ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hapo Malindi. Wakitaka uendelee kuzungumza naye, watakuelekeza wao. Mwende na kijana pia, akae kitini asikilize.